Thakurbari ya Jorasanko: Nyumba Iliyojengwa kwa Jina la Mungu

Kila jumuiya inapoadhimisha siku ya kuasisiwa kwa hekalu lake, swali la kwanza linaloulizwa ni la jengo: nani alitoa ardhi, nani alichimba msingi, nani alibeba mawe na nani alilipa mafundi. Liko swali la pili, gumu zaidi, ambalo kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini: je, jengo hili limetuunganisha au limetugawa? Katika makala haya ya kihistoria nimechagua kuwasimulia wanajumuiya na majirani zetu habari za nyumba moja ya kitajiri iliyoko mji wa Kolkata, nchini India, kwa sababu maswali hayo mawili yameandikwa katika kuta zake. Nyumba hiyo huitwa Thakurbari ya Jorasanko. Wengi huijua kuwa mahali alipozaliwa mshairi Rabindranath Tagore, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 na ambaye nyimbo zake zimekuwa nyimbo za taifa za India na Bangladesh. Wachache huijua kuwa nyumba ambayo ukoo mmoja uliishi na Mungu wake chini ya paa moja, kisha ukagawanyika kwa sababu yake.

Jina lenyewe lina mafunzo. Kwa Kibengali, neno thakur lina maana ya bwana, na ndilo watu walitumialo kumtaja Mungu anayeabudiwa nyumbani. Ndilo pia jina la ukoo huu, ambalo Waingereza waliliandika Tagore. Bari ni nyumba. Kwa hiyo asemaye Thakurbari anataja kwa pumzi moja nyumba ya akina Thakur na nyumba ya Mungu. Jorasanko, jina la mtaa, maana yake ni madaraja mawili. Kama tutakavyoona, nyumba yenyewe nayo ilikuja kuwa mbili.

Zawadi ya ardhi

Mwanzo wa nyumba hii ulikuwa ugomvi wa ndugu. Katika karne ya 18 ukoo wa Thakur uliishi mtaa wa Pathuriaghata, si mbali na Jorasanko. Nilmoni Thakur na mdogo wake Darpanarayan walihitilafiana juu ya mali, na mwaka 1784 Nilmoni akaondoka na familia yake. Katika vyote alivyovichukua, kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni Lakshmi-Janardan, jiwe takatifu la shaligrama ambalo ukoo uliliabudu.

Tajiri mmoja wa mji, Baishnabcharan Seth, alitaka kumpa Nilmoni kiwanja. Hapo palitokea kikwazo cha desturi: Nilmoni alikuwa Brahmana, naye hakuweza kupokea zawadi ya ardhi kutoka kwa mtu ambaye sheria za matabaka zilimweka chini yake. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa hekima. Ardhi haikutolewa kwa Nilmoni. Ilitolewa kwa Lakshmi-Janardan. Mwenye kiwanja akawa Mungu wa nyumba, na familia ikakaa hapo kama wahudumu wake. Msomaji wa pwani yetu aliyezoea habari za wakfu ataelewa haraka uzito wa jambo hili. Nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya namna hiyo haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja tu, hata kama mtu huyo ana hazina kubwa kiasi gani.

Ua, nguzo na mahali pa ibada

Nyumba ya Jorasanko haikuchorwa na msanifu mmoja wala kujengwa kwa siku moja. Ilikua kama mti, chumba kikiongezwa kwa chumba na ghorofa kwa ghorofa kadiri wana walivyooa na wajukuu walivyozaliwa. Kuta zake ni nene, za matofali ya kuchoma yaliyoshikamanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali. Leo rangi yake ni nyekundu ya udongo wa tofali, na madirisha yake yana mbao za kijani zilizopangwa kwa mlalo ili hewa ipite na jua lizuiwe, na ili aliye ndani aone nje pasipo kuonekana.

Msomaji aliyekulia Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja hatapata shida kuuelewa mpango wake. Nyumba nzima inaangalia ndani badala ya kuangalia barabara. Katikati kuna ua wa wazi, na vyumba vimeuzunguka kwa safu, vikiwa na kumbi ndefu zenye nguzo mbele yake. Upande wa nje ulikuwa wa wanaume: hapo walipokelewa wageni, zikafanywa hesabu za mashamba na kusikilizwa mashauri. Upande wa ndani ulikuwa wa wanawake na watoto, wenye ua na ngazi zake. Baina ya pande hizo mbili palikuwa na mipaka ambayo kila mtu aliijua, ijapokuwa haikuandikwa popote.

Kuna jambo moja ambalo nyumba za pwani yetu hazina kwa namna hii. Upande mmoja wa ua mkuu kuna jukwaa lililoinuliwa, lenye ngazi mbele yake na matao yanayoshikwa na nguzo. Wabengali hulita jukwaa hilo thakurdalan, yaani ukumbi wa Mungu. Hapo ndipo palipofanyika ibada kubwa za mwaka, hasa Durga Puja. Sanamu ya mama Durga iliwekwa chini ya matao, familia ikajaa katika ua, na wanawake wakatazama kutoka roshani za juu kupitia mbao za madirisha. Wakati wa sikukuu ua huo haukuwa wa familia peke yake. Majirani na watu wa kawaida waliingia kutazama ibada na kusikiliza michezo ya kuimba ambayo Wabengali huita jatra, iliyochezwa usiku kucha. Kwa siku chache katika mwaka, lango la tajiri lilikuwa lango la mtaa.

Ni vizuri tutafakari maana ya mpango huo. Chumba kikubwa cha nyumba hakikuwa cha kulia chakula wala cha kupokelea wakuu wa serikali. Moyo wa nyumba ulikuwa mahali pa ibada, na vyumba vingine vyote, vya mzee na vya mtoto, vya bibi na vya mtumishi, vilipangwa kuuzunguka.

Maisha ndani ya vyumba

Rabindranath, aliyezaliwa humo tarehe 7 Mei 1861 akiwa mtoto wa kumi na nne wa wazazi wake, ameacha katika kumbukumbu zake picha ya maisha ya ndani ambayo inawashangaza wale wanaodhani kuwa nyumba ya tajiri lazima iwe ya starehe. Watoto walilelewa na watumishi na kuvaa mavazi ya kawaida kabisa. Mtumishi mmoja aliyeitwa Shyam alikuwa na desturi ya kumkalisha mtoto chumbani, kumchorea duara la chaki sakafuni na kumwonya asivuke mstari. Mtoto aliyeijua hadithi ya Sita katika Ramayana, na balaa lililompata alipovuka mstari uliochorwa na Lakshmana, hakuthubutu kuuvuka. Alikaa dirishani akitazama kupitia mbao zile za mlalo kidimbwi kilichokuwa chini, watu waliokuja kuoga, na mbaniani mkubwa uliosimama kando ya maji.

Katika utoto wake hapakuwa na gesi wala umeme. Taa zilikuwa za mafuta ya mbarika. Maji ya mfereji hayakuwa yamefika. Katika miezi ya Magh na Phalgun, majira ya baridi yanapoelekea kwisha, wachukuzi walileta maji ya Ganga kwa mizega, na vyumba vya giza vya ghorofa ya chini vikajazwa mitungi mikubwa ya maji ya kunywa ya mwaka mzima. Vyumba hivyo vyenye unyevu viliwatisha watoto, nao waliamini kuwa mashetani yalikaa humo. Baadaye mifereji ilipofika, maji yalipanda hadi vyumba vya baba yake katika ghorofa ya tatu, na kijana Rabindranath akajificha humo mchana, baba akiwa safarini, kwa furaha ya kuoga maji yanayotiririka yenyewe.

Juu ya yote kulikuwa na paa bapa, ambalo kwa wanawake lilikuwa dunia nzima. Barabara hawakuruhusiwa kuitembea, lakini juu ya paa walikuwa na anga. Hapo walianika achari na tonge za dengu zilizopondwa, walikausha nywele, walipeana habari za nyumba. Jioni shemeji yake Rabindranath, Kadambari Devi, alitandaza mkeka na mito huko juu, akapanga vyungu vya maua, na mumewe Jyotirindranath akapiga fidla huku mdogo wake akiimba. Wachunguzi wa fasihi ya Kibengali hutaja mara nyingi vitabu ambavyo Rabindranath alivisoma. Ni haki pia kulitaja paa hilo.

Mfanyabiashara na nyumba ya pili

Utajiri mkubwa wa ukoo ulipatikana katika mikono ya mjukuu wa Nilmoni, Dwarkanath, aliyezaliwa mwaka 1794. Alikuwa na mashamba makubwa; alifanya biashara ya nili, hariri, sukari na kasumba; alinunua machimbo ya makaa ya mawe ya Raniganj; alishiriki kuanzisha Benki ya Union mwaka 1829; na mwaka 1834 akaunda pamoja na Mwingereza kampuni ya Carr, Tagore. Watu wakamwita mwana wa mfalme.

Biashara hizo zilimtaka ale na kunywa na Wazungu, na hapo ndipo nyumba ilipoanza kupasuka. Ukoo ulikuwa wa Wavaishnava walioshika sana miiko. Nyama na pombe havikuingia nyumbani. Dwarkanath mwenyewe alikuwa akimhudumia Lakshmi-Janardan kwa mikono yake. Alipoanza kula mezani na wageni wa kigeni, aliacha kuingia mahali pa ibada, akawaajiri Mabrahmana wafanye puja kwa niaba yake, naye akasimama kwa mbali. Mwaka 1823 alijenga karibu na nyumba ya zamani jengo jingine la kupokelea wageni, lililoitwa Baithakkhana Bari, yaani nyumba ya baraza. Humo palikuwa na samani za Kizungu, taa za vioo na karamu zilizosifiwa mji mzima.

Mkewe, Digambari Devi, hakupiga kelele. Aliwaita wataalamu wa dini, akawauliza mke afanye nini mume anapovunja miiko. Wakamjibu kuwa kumtunza mumewe ni wajibu wake, lakini kuishi naye pamoja si lazima. Tangu hapo alihakikisha mumewe anahudumiwa, akazungumza naye ilipobidi kwa shughuli za nyumba, na kila baada ya mazungumzo hayo alioga ili arudie usafi wa ibada. Alikufa mwaka 1839. Hatua chache za uwanja uliokuwa baina ya nyumba mbili zilikuwa safari ndefu kuliko ile ya London, ambako Dwarkanath alikwenda mwaka 1842 na kupokelewa na Malkia Victoria. Alisafiri tena, na akafia London tarehe 1 Agosti 1846. Amezikwa huko huko, katika makaburi ya Kensal Green.

Muda mfupi baadaye kampuni yake ilianguka, na Benki ya Union pia. Mwanawe mkubwa, Debendranath, angeweza kujificha nyuma ya hati ya amana ambayo baba yake aliiandika mwaka 1840 ili mashamba kadhaa yasiguswe na wadai. Hakufanya hivyo. Aliwaita wadai, akawawekea mbele yao kila kitu, pamoja na mali iliyolindwa na hati ile. Wadai waliguswa na uaminifu huo, wakakubali kulipwa polepole, naye akalipa. Karamu zikakoma na samani nyingi zikauzwa. Umaskini huo wa kiasi ndio uliowafanya watoto waliozaliwa baadaye walelewe bila anasa, kama tulivyoona.

Siku Mungu alipohama

Debendranath ndiye aliyeleta badiliko kubwa kuliko yote. Tarehe 21 Desemba 1843 aliingia rasmi katika Brahmo Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Ram Mohan Roy mwaka 1828, ambayo ilifundisha kuabudiwa kwa Mungu mmoja asiye na umbo kwa kufuata Upanishadi, bila sanamu. Kwa miaka kadhaa aliishi na mgongano huo moyoni. Durga Puja ilipofika alifunga safari na kuondoka mjini, ili asiwazuie ndugu zake wala asishiriki. Hatimaye ibada za sanamu zikasimama katika nyumba kuu.

Tusilione jambo hili kwa wepesi. Debendranath alikuwa mtu wa sala, na watu walimwita Maharshi, yaani mtakatifu mkuu, kwa haki. Lakini katika nyumba hiyo hiyo aliishi Jogamaya Devi, mjane wa mdogo wake Girindranath. Kwake Lakshmi-Janardan hakuwa jiwe wala desturi ya kizamani. Alikuwa mwenye nyumba. Ardhi waliyoikanyaga ilitolewa kwa jina lake. Ikiwa nyumba kuu haikuwa tena na nafasi ya kumhudumia, basi yeye angemhudumia mahali pengine. Jogamaya aliwachukua watoto wake, akamchukua Lakshmi-Janardan, akahamia katika Baithakkhana Bari.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1784 Nilmoni aliondoka Pathuriaghata akiwa na jiwe lile takatifu, na nyumba ya Jorasanko ikazaliwa. Sasa jiwe lilitoka katika nyumba iliyojengwa kwa jina lake, likaingia katika jengo ambalo Dwarkanath alilijenga ili karamu zake zisimchafue Mungu wa nyumba. Nyumba kuu, namba 6, ikawa ya Wabrahmo. Nyumba ya baraza, namba 5, ikawa ya walioshika ibada ya wazee.

Hata hivyo, undugu haukufa. Vijana wa nyumba mbili walikua pamoja. Jyotirindranath wa namba 6 na Gunendranath wa namba 5 walianzisha mwaka 1865 jumba la michezo ya kuigiza ndani ya namba 5, na mwaka 1867 wakaonyesha mchezo uliokosoa ndoa za mitara. Na ule ukumbi wa Mungu katika nyumba kuu haukubomolewa wala kugeuzwa ghala. Kila tarehe 11 ya mwezi wa Magh, Wabrahmo walikusanyika katika ua ule ule, mbele ya matao yale yale yaliyokuwa tupu, wakaimba nyimbo za kumsifu Mungu, nyingi zikiwa zimetungwa na wana wa nyumba. Nguzo zilizosikia sifa za Durga zikasikia Upanishadi.

Mlango wa wanawake

Mwaka 1864 ulizuka mgogoro mwingine, safari hii juu ya mlango. Mwana wa pili wa Debendranath, Satyendranath, alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya Waingereza nchini India, naye alipangiwa kazi upande wa Bombay. Alitaka kwenda na mkewe, Jnanadanandini Devi. Ruhusa ya safari ilipatikana, lakini ruhusa ya kuvuka ua wa nje kwa miguu na kupanda gari mbele ya watumishi wa kiume haikupatikana. Bibi huyo alitolewa nyumbani kwa machela iliyofunikwa mpaka melini. Alikuwa huru kuvuka nchi nzima, ila si hatua thelathini za ua wa nyumba yake.

Aliporudi baada ya miaka michache, alishuka kutoka katika gari mbele ya lango, machoni pa watu wote, akaingia kwa miguu yake. Simulizi za familia zinasema kuwa nyumba ilikuwa kama yenye msiba siku hiyo. Lakini ngazi haikuanguka, na mlango uliofunguliwa haukufungwa tena. Jnanadanandini ndiye aliyeeneza namna ya kuvaa sari pamoja na blauzi ambayo wanawake wa Kihindi duniani kote, na hapa kwetu pia, wameirithi.

Samani za wana wa namba 5

Katika nyumba ya Jogamaya walizaliwa wajukuu walioleta mapinduzi ya sanaa: Gaganendranath na Abanindranath. Kibaraza chao cha upande wa kusini kilikuwa karakana, darasa na baraza la mazungumzo kwa wakati mmoja. Hapo ndugu walikaa wakichora, watoto wakicheza miguuni mwao. Mwaka 1905 Abanindranath alichora picha mashuhuri ya Bharat Mata, Mama India akiwa na mikono minne.

Gaganendranath aliangalia pia vyumba vyenyewe. Aliona kuwa nyumba za matajiri wa Kolkata zimejaa viti vizito, mapazia mazito na vioo vya kuigiza Ulaya ya wakati wa Malkia Victoria, vitu visivyolingana na joto la Bengali wala na namna watu wanavyokaa. Akaviondoa. Mahali pake akaweka viti vifupi, vitanda vya chini vya kukalia, mito, mikeka, nguo zilizofumwa na mafundi wa nchi na vyombo vya shaba. Ni jambo la kufikirisha kwamba chumba ambacho babu yake mkuu alikipamba kwa samani za Kizungu ili awavutie Wazungu, yeye alikipamba kwa ufundi wa nyumbani, na wageni kutoka Ulaya na Japani wakaja kukistaajabia.

Mwaka 1897 Rabindranath alijenga jengo lake ndani ya eneo la namba 6, ambalo baadaye liliitwa Bichitra. Katika ukumbi wake palianzishwa klabu ya sanaa, na mwaka 1917 ukachezwa humo mchezo wake wa Posta, unaohusu mtoto mgonjwa aliyefungiwa chumbani na ambaye furaha yake yote iko dirishani. Gaganendranath alijenga jukwaani kibanda cha nyasi cha kijijini. Miongoni mwa watazamaji alikuwemo Mahatma Gandhi. Aliyeandika mchezo huo alikuwa yule mtoto wa duara la chaki.

Kutoka langoni hadi msikitini

Tarehe 16 Oktoba 1905 serikali ya Waingereza iliigawa Bengali sehemu mbili, mashariki yenye Waislamu wengi na magharibi yenye Wahindu wengi. Rabindranath aliwaomba watu waifanye siku hiyo kuwa ya rakhi, uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi, ili kila mtu amfunge jirani yake kama ndugu. Asubuhi alitoka Jorasanko kwa miguu, watu wa nyumba na watumishi wakiwa pamoja naye, wakaenda mtoni Ganga, wakaoga, wakafungana nyuzi.

Walipokuwa wakirudi walipita kwenye mabanda ya farasi ambako watunza farasi Waislamu walikuwa kazini. Rabindranath akawaendea, akawafunga rakhi na kuwakumbatia. Kisha akasema kuwa atakwenda msikiti wa Chitpur. Abanindranath amesimulia kuwa aliogopa, akadhani patatokea vurugu, akajipenyeza na kurudi nyumbani. Vurugu haikutokea. Rabindranath na wenzake waliingia, wakawafunga nyuzi wazee wa msikiti, nao wakapokea kwa tabasamu.

Kwa maoni yangu, siku hiyo ndiyo kilele cha historia ya nyumba ya Jorasanko, kuliko karamu zote za Dwarkanath. Familia iliyokuwa imegawanyika kwa ajili ya ibada, nyumba moja ikiwa na sanamu na nyingine ikiwa haina, ilitoka kwa pamoja langoni na kuwaendea majirani ambao hawakuwa wa nyumba wala wa dini yao.

Nyumba ilivyo leo

Rabindranath alifariki katika nyumba hiyo tarehe 7 Agosti 1941, siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji katika kibaraza cha ghorofa ya juu kilichotengenezwa kiwe chumba cha daktari. Nyumba namba 5 haipo tena. Baada ya akina Abanindranath kuondoka, iliuzwa na kubomolewa, na kibaraza cha kusini kimebaki katika vitabu na picha tu. Nyumba namba 6 iliokolewa. Mwaka 1961, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mshairi, ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 1962 kikaanzishwa hapo Chuo Kikuu cha Rabindra Bharati, kinachofundisha muziki, ngoma, uigizaji na uchoraji. Kila mwaka, tarehe 25 ya mwezi wa Baisakh, watu wa Kolkata huamka alfajiri na kuujaza ua ule wakiimba nyimbo zake. Hawaulizwi ukoo, tabaka wala dini.

Ndugu wasomaji, sisi nasi tumerithi majengo. Wazee wetu wengi walianza ibada katika kijichumba cha nyuma ya duka, mbele ya picha moja na taa moja, kabla ya kuwa na hekalu lenye mnara na kengele. Historia ya Jorasanko haitufundishi kuwa watu wa nyumba moja hawatahitilafiana kuhusu ibada. Watahitilafiana, hata watakatifu walihitilafiana. Inatufundisha kuwa kuta tunazozijenga katika siku za mgogoro zinaweza kuishi kuliko hasira zetu, na kuwa sehemu ya jengo iliyo bora ni ile tunayoiacha wazi. Namba 5 ilikuwa na vyumba vizuri kuliko vyote, nayo imebomolewa. Kilichobaki ni ua na ukumbi wa Mungu, kwa sababu hivyo havikuwa vya mtu mmoja tangu mwanzo.

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu, tuwakumbuke kwa shukrani waliotoa ardhi na waliotoa jasho, nasi tuwaachie watoto wetu ua mpana na lango ambalo jirani ataliingia bila kusita. Mwenyezi Mungu, kwa jina lolote tumwitalo, ailinde nyumba hii na wote waishio kuizunguka.